Chumba cha Kukatia

Kila asubuhi, mafundi wakiwa bado njiani, Bibi Vifungo alibeba kikombe chake cha chai, akapita katikati ya cherehani zilizofunikwa vitambaa, akaingia chumba cha kukatia na kuurudishia mlango. Huko hakukata kitu. Kazi ya kukata ilishahamia ukumbini zamani, kwenye meza mpya na mkasi wa umeme. Bibi alikaa tu kwenye stuli ndefu ya marehemu mumewe, akanywa chai yake taratibu na kumpa mzee habari: nani kaolewa, nani kajifungua, oda gani imeingia, mashati gani yamerudishwa kwa sababu kola zimekwenda upande. Mzee alifariki kitambo, lakini habari za karakana hakuwahi kuzikosa.

Chumba kilikuwa vilevile alivyokiacha. Mikasi yake ilining'inia ukutani, kuanzia ule mzito wa makoti mpaka ule mdogo wa kukatia nyuzi. Karatasi za vipimo zilizogeuka rangi ya majani makavu zilitundikwa kwenye misumari: mgongo wa shati, mguu wa kaptula, sketi ya marinda. Na katikati palikuwa na meza. Meza hiyo ilikuwa habari nyingine. Mzee aliitengeneza mwenyewe, humo humo ndani, kwa mbao nene, akaipiga msasa mpaka kitambaa cha hariri kikawa kinateleza juu yake bila kushika popote, kisha akaita watu waje waione. Watu wakaisifu. Ndipo dada wa mzee, ambaye ni wifi yake Bibi, alipouliza kwa upole itatokaje. Watu wakatazama meza, wakatazama mlango, wakatazama meza tena. Mzee akasema, "Itoke iende wapi?" Na kweli haikutoka.

Karakana ilishona sare za shule, aproni na makoti ya kazi. Bibi na mumewe walianza na cherehani ya mkono iliyokaa juu ya sanduku, wifi akaja na pasi yake ya mkaa, na mambo yakaenda yakikua. Sasa kazi ilikuwa mikononi mwa binti yao, ambaye mafundi walimwita Bosi, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, maana wale wa zamani walimwona akitambaa chini ya meza hizo hizo. Bibi yeye alibaki na vifungo. Alivichagua, akavipanga kwa rangi na ukubwa, na mtu akimletea shati lililopotewa na kifungo alijua kwa kupapasa tu mwenzake yuko kopo gani.

Sasa Bosi alikuwa na jambo lililomkosesha raha, nalo ni cheti. Si cheti cha shule wala cha kuzaliwa. Ni kile wanachopewa wenye biashara zinazowatendea haki wafanyakazi wake na zisizoharibu mazingira, baada ya mkaguzi kuja kuchungulia kila pembe. Ukikipata unaruhusiwa kushonea alama ndogo pembeni ya lebo, na yako maduka makubwa ambayo bila alama ile hata hayakusikilizi.

"Kwani watu hawajui kama hatudhulumu mtu?" Bibi alimuuliza siku ya kwanza aliposikia habari hizo.

"Watu wa mtaa huu wanajua, Mama. Anayenunua aproni mji wa mbali atajuaje?"

"Aulize."

"Ndiyo anauliza hivyo. Anamtuma mkaguzi."

Bibi alikubali kwamba hilo lina maana. Basi Bosi akakunja mikono ya nguo akaingia kazini. Vipande vya kitambaa, ambavyo miaka yote vilichomwa uani na kuwatoa majirani machozi, vikaanza kwenda kwa watengeneza magodoro. Maji ya kulowekea vitambaa yakajengewa tangi lenye mchanga na changarawe ili yachujwe kabla ya kuingia mtaroni. Kila fundi akapata mkataba wake ulioandikwa, na saa za kazi zikabandikwa ukutani watu wote wazione. Kwenye kona ya pasi, ambako joto lilikuwa la kumkausha mtu, Bosi aliziba dirisha kwa feni kubwa ya kuvuta hewa ya moto. Wifi, aliyeacha kupiga pasi kwa sababu ya mikono lakini bado alikuja kila siku kukunja nguo, alikaa chini ya feni ile akasema, "Siku hizi humu hata mende wamesaini mkataba."

Kwenye kila jambo Bosi alikuwa amejipanga. Moja tu lilimkaa kooni, nalo lilikuwa na meno mawili na jina la utani.

Meneja alikuwa mtoto wa fundi wa matundu, binti mkimya ambaye kazi yake ilikuwa kutoboa na kuzungushia uzi matundu ya vifungo. Mafundi walimwita mtoto huyo Meneja kwa sababu analala kazini, anaamka akitaka, na akipaza sauti kila mtu anakimbia. Alilala kwenye kapu la vipande chini ya meza ya mama yake, kama walivyolala watoto wote waliopitia karakana ile. Huo ndio uliokuwa utaratibu tangu mwanzo. Mama akijifungua, akishapata nguvu alirudi na mtoto wake. Kapuni walitandika vipande vya kaptula chini na vya mashati juu, kwa kuwa ni laini. Makanyagio ya cherehani yalimbembeleza mtoto kuliko wimbo wowote. Akiamka, fundi aliye karibu ndiye mama yake mpaka atulie. Bosi mwenyewe alikulia kapuni, na Bibi alipokumbuka enzi hizo uso wake ulilainika kama kitambaa kilichopitishwa pasi.

Asubuhi moja Bosi alimfuata chumbani. Alisimama upande wa pili wa meza, kiganja juu ya mbao.

"Mama, mwongozo wao uko wazi. Mtoto haruhusiwi mahali penye mashine."

"Meneja hashoni."

"Najua hashoni."

"Wanadhani tunamtumikisha? Anayetutumikisha ni yeye."

Bosi alicheka, kisha akaacha. "Wanasema ama watoto wawe na chumba chao, chenye mlango na dirisha na mtu wa kuwaangalia, ama wasije kabisa. Nimezunguka jengo zima, Mama. Stoo haina dirisha. Ukumbini hakuna pa kugawa. Chumba chenye mlango na dirisha ni hiki."

Bibi aliweka kikombe chini.

"Hiki ni chumba cha baba yako."

"Najua."

"Na meza haipiti mlangoni."

"Hilo nalo nalijua. Ukisema hapana ni hapana, sitagusa kitu. Lakini itabidi nimwambie fundi wa matundu asije tena na mtoto."

"Atamwacha na nani?"

"Hana wa kumwachia."

 Wote wawili walijua maana yake. Binti yule angekunja aproni yake akaenda, na kazi alikuwa anaipenda, na nyumbani hakuna mwingine anayeleta chakula. Bibi alitazama dirisha, halafu mikasi, halafu stuli aliyoikalia.

"Huyo mkaguzi anakuja kwa muda gani?"

"Siku moja tu, wiki ijayo. Asubuhi mpaka jioni."

"Basi usimwambie binti wa watu kitu. Niachie mimi."

Bosi alidhani mama yake anaomba muda wa kulizoea wazo, akamshukuru na kutoka. Kumbe Bibi alikuwa amefikiria kitu kingine kabisa. Mchana huo alimfuata wifi yake kwenye kona ya pasi, akainama karibu na sikio lake.

"Wifi, unakumbuka kupitisha kitambaa?"

Mikono ya wifi ilisimama juu ya shati. Pole pole tabasamu likamtandaa, mpaka yule bibi kizee akapotea, akabaki msichana wa pasi ya mkaa.

Mwenye nyumba wa enzi hizo hakutaka watoto kwenye jengo lake. Alitembea na fimbo, na fimbo ikisikika koridoni, aliye karibu na mlango alikohoa. Hapo hapo mafundi wote walikanyaga cherehani kwa pamoja, zikanguruma kama mvua juu ya bati, na mtoto akasafiri chini ya meza kutoka paja hadi paja, fundi hadi fundi, mpaka kona ya pasi, na kutokea hapo akapitishwa dirishani kwenda uani. Huko ndiko kupitisha kitambaa. Mwenye nyumba aliingia, akazunguka, akasifu bidii yao, akatoka.

"Huyu huyu Bosi," wifi alisema, tayari anajifuta macho, "si tulimpitisha mbele ya pua yake? Akakojolea kiatu cha mwenye nyumba."

"Naye akasema bomba linavuja."

"Akaleta fundi bomba, wifi. Akaleta fundi bomba kabisa."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Zilikuwa hadithi walizosimulia kila alipokuja mgeni: ya bomba, ya mtoto aliyelala ndani ya marinda ya sketi akafungwa pamoja na oda, na ya alama aliyonayo Bosi karibu na kiwiko, yenye umbo la ncha ya pasi, ambayo karakana nzima iliiita muhuri wa kiwanda. Hizo zilikuwa siku. Watu walikuwa wachache na kazi nyingi, lakini Bibi alipozikumbuka aliona mikono tu, mikono ya wanawake ikimpokea mtoto, na hakuna hata mmoja aliyemwangusha.

"Siku moja tu," Bibi alisema. "Mtoto anakaa kapuni kule stoo. Akiamka, tunapitisha."

"Magoti yangu, wifi."

"Magoti ya nini? Ni mikono."

"Na mikono pia," wifi alisema, lakini ameshakubali.

Mafundi wa zamani waliambiwa, wapya wakafundishwa. Fundi wa matundu alisita. Bibi akamwambia atulie, jambo hilo limefanyika karakana hii tangu hajazaliwa. Bosi peke yake ndiye hakuambiwa.

Mkaguzi alikuja na begi la mgongoni kama mwanafunzi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiye na haraka. Chai alikataa. Soda alikataa. Hata maji alikuja na chupa yake.

"Huyu," wifi alinong'ona, "hata pumzi amekuja nayo."

Mkaguzi alichungulia tangi, akainusa changarawe. Alifungua mabomba. Alifuata vipande vya kitambaa mpaka kwenye magunia yaliyokuwa yanasubiri watu wa magodoro. Kisha alikaa uani na mafundi, mmoja mmoja, Bosi akiwa mbali, akawauliza ukiumwa inakuwaje, ukichelewa inakuwaje, ukiwa na neno unamwambia nani. Bibi aliona mabega ya binti yake yakishuka kidogo kidogo kila fundi alipotoka kule anatabasamu. Kuhusu mtoto Bosi alishauliza asubuhi, na Bibi alimjibu, "Yuko salama," jambo ambalo wakati huo halikuwa uongo.

Baada ya chakula cha mchana mkaguzi akaingia ukumbini. Alisimama kwenye mlango wa dharura, mgongo kwa mafundi, akamuuliza Bosi ufunguo unakaa wapi. Ndipo sauti ikatoka stoo. Ndogo kwanza, ya kuuliza. Halafu kubwa.

Wifi akakohoa.

Mafundi wote wakakanyaga kwa pamoja. Lakini cherehani za sasa ni za umeme. Hazikunguruma kama mvua. Zilinong'ona tu, kama watu wanaosengenya kwa adabu. Haidhuru, Meneja alishatolewa stoo na yuko njiani. Fundi wa kola akampokea, akampa wa mikono, wa mikono akampa wa mapindo. Bibi, kwenye kiti chake cha vifungo, alimpokea na kumpitisha, na kwa muda ule mfupi mtoto akiwa mzito na mwenye joto mikononi mwake alijisikia mwepesi kama zamani. Meneja aliona ni mchezo. Alinyamaza, akawa anacheka bila sauti, mate yakimtiririka. Akafika kona ya pasi.

Na hapo safari ikaisha, kwa sababu lile dirisha la kutokea uani ndilo lililozibwa na feni. Hakuna aliyelifikiria. Wifi alisimama na mtoto mikononi, anatazama mapanga ya feni yanavyozunguka, hajui ampeleke wapi. Vidole vyake havikuwa vya kubeba mzigo ule kwa muda mrefu. Akainama, akamweka chini ya meza ya pasi.

"Kaa hapo, baba. Dakika moja tu."

Meneja alikaa. Akatazama huku na huku. Akauona waya wa pasi umening'inia, mweusi, unang'aa, akaushika kwa mikono yote miwili na kuuvuta.

Bosi alikuwa amegeuka kumwonyesha mkaguzi ufunguo. Bibi hakupata kumwona akikimbia. Aliona tu ufunguo unaanguka, na binti yake yuko kona ya pasi, bega limeisukuma meza, mkono umeipiga pasi pembeni. Pasi ikaanguka juu ya rundo la aproni zilizokunjwa. Moshi mwembamba ukapanda. Mtoto alishtuka akaanza kulia, mzima, hana hata mkwaruzo. Cherehani zikazimwa moja baada ya nyingine, mpaka ukumbini kikabaki kilio chake na harufu ya pamba iliyoungua.

Harufu hiyo ilimpeleka Bibi mahali ambapo kicheko hakikuwahi kumpeleka. Alimwona mumewe anatoka mbio, hana viatu, futi ya kupimia bado shingoni, amembeba binti yao aliyekuwa anapiga kelele ambazo si za mtoto wala za mtu mzima. Alimwona baadaye amekaa chumba cha kukatia, kitambaa kimetandazwa mezani, chaki mkononi, na hachori. Siku nyingi alikaa hivyo. Na kwa muda mrefu hakuna mtu katika karakana aliyecheka. Kicheko kilikuja baadaye, kikashonewa juu yake kama kiraka, na kadiri miaka ilivyopita watu wakasahau kwamba chini ya kiraka pana tundu.

"Mtoto huyu ni wa nani?" mkaguzi aliuliza. Hakupaza sauti.

Fundi wa matundu alisimama. "Wangu."

"Ni wake," Bibi alisema, akasimama naye. "Lakini aliyemficha ni mimi. Binti yangu hakujua lolote."

"Kwa nini afichwe, Bibi?"

"Kwa sababu mngemfukuza mama yake."

"Mimi simfukuzi mtu. Naandika ninachokiona." Aliinama, akachomoa waya wa pasi ukutani, akaukunja vizuri na kuuweka juu ya meza. "Mengine yote niliyoona hapa ni mazuri. Nasema kweli. Lakini hili siwezi kulipita. Nitarudi. Nikirudi, ama watoto wawe na mahali pao, ama wasiwepo." Akamtazama Bibi kama mtu anayemtazama mama yake. "Watoto walioungua nimewaona, Bibi. Wengi walikuwa mikononi mwa watu wema."

Alipokwisha kwenda, Bosi aliingia chumba cha kukatia, na Bibi akamfuata. Mlango ukarudishiwa. Bosi hakuwa mtu wa kufoka. Hasira zake zilikuwa za baridi, na Bibi angependelea afoke.

"Mama, ulikuwa unacheza."

"Nilitaka yule binti asipoteze kazi."

"Ulitaka wewe usipoteze chumba."

Bibi aliishika pembe ya meza.

"Mimi sikukulazimisha," Bosi aliendelea. "Ulisema niachie, nikakuachia. Nikadhani unafikiria. Kumbe mnakumbushana. Wewe na shangazi mnakumbuka kicheko. Mimi nakumbuka pasi."

"Ulikuwa mdogo mno. Sikujua unakumbuka."

"Kila mgeni akija mnaisimulia, na mimi nanyoosha mkono waone. Ningesahau vipi?"

 Bibi alikaa kwenye stuli, akaitazama meza ile pana, laini, ambayo hakuna mtu aliyekata kitu juu yake tangu siku ya msiba. Alijaribu kusikia mumewe angesema nini. Kila alivyomsikiliza, alimwona tu anatoka mbio bila viatu.

Kwa mlango uliokuwa wazi kidogo aliona ukumbini. Fundi wa matundu alikuwa amembeba mtoto mgongoni na anakusanya vitu vyake: mkasi mdogo, sindano zake, bobini za nyuzi. Alivifuta kimoja kimoja kwa aproni kabla ya kuviweka mfukoni, kama mtu anayerudisha vyombo vya watu. Hakulia, hakumwangalia mtu.

Bibi akainuka.

"Mwanangu, weka hizo bobini chini."

"Sitaki niwaharibie cheti, Bibi."

"Weka chini, nimesema. Na mtu aniitie seremala."

Seremala alikuja kesho yake. Aliizunguka meza, akapima mlango kwa macho, akakuna kichwa.

"Hii nyumba waliijenga baada ya meza?"

"Aliyeitengeneza alikuwa fundi nguo," Bibi alisema.

"Inaonekana."

Hakukuwa na njia nyingine ila kuikata katikati. Bibi alisema atakaa atazame, na alikaa. Msumeno ulipoanza, wifi ndiye aliyetoka nje kwanza, leso mdomoni; mwenye meza alikuwa kaka yake. Unga wa mbao ukaanguka sakafuni mahali ambapo zamani walifagia nyuzi. Mbao ilikuwa ngumu, seremala alipumzika mara nyingi, na kila alipopumzika alipapasa juu ya meza na kusema, kama anayejisemea, kwamba msasa huu mtu alipiga kwa moyo. Jioni vipande viwili vikapita mlangoni bila kugusa popote. Havikwenda mbali. Viliwekewa miguu mipya upande uliokatwa, vikakaa ukumbini, kimoja cha kukunjia na kimoja cha vifungo.

Chumba kikapakwa chokaa. Mikasi ikatolewa, ikaenda nyumbani ndani ya sanduku. Soketi za umeme zikazibwa, mkeka mnene ukatandikwa, na akaajiriwa mlezi, mama mmoja aliyewahi kufanya kazi shule ya chekechea, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Wifi akaomba awe msaidizi wa mlangoni. Bosi alisita, maana wote waliona ya siku ile, lakini wifi alisema neno moja tu, "Nipe," na Bosi akampa. Haikupita muda mafundi wakasema afadhali mkaguzi. Hakuna pini iliyopita mlango ule. Mama aliyetaka kunyonyesha alisimama mbele yake, akajikung'uta nyuzi, akakaguliwa nywele na kola, ndipo akaingia.

Fundi wa matundu alibaki. Mwingine, ambaye alishaacha kazi kwa ajili ya mtoto, akasikia habari hizo akarudi.

Mkaguzi naye alirudi kama alivyoahidi. Alipiga magoti mkekani, akafungua dirisha akalifunga, akajaribu kuingia na kalamu mfukoni mwa shati, wifi akamwambia aiache nje. Aliiacha. Chai alikataa tena.

Cheti kilifika siku ya mvua ndogo, ndani ya bahasha ya kawaida. Bosi alikisoma mbele ya mafundi wote, na alipofika kwenye jina la karakana alilisoma, akalirudia. Watu wakapiga makofi, mashine zikazimwa, mtu akaleta birika kubwa. Bosi alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu kuliko kawaida yao. Kisha akaitwa aamue kitundikwe ukuta gani.

Bibi alijimiminia kikombe. Miguu yake ikajua yenyewe pa kwenda. Akapita katikati ya cherehani, akafika mlango wa chumba cha kukatia, na hapo akamkuta wifi yake amekaa kizingitini kama komeo.

"Chai hiyo inaenda wapi?"

"Ndani."

"Ya moto?"

"Wifi, chai gani si ya moto?"

"Basi haiingii."

"Nani amekukataza kunipitisha mimi?"

"Mimi."

Ndani Meneja alikuwa amesimama, ameshika ukuta, anajaribu hatua. Mlezi alikuwa nyuma yake, mikono tayari, hamgusi. Bibi alimtazama, na alipotaka kusema akajikuta anaona haya kidogo.

"Nilitaka kumwambia kaka yako tu. Kwamba kimekuja."

Wifi alimtazama. Hakusogea kizingitini, lakini aliugusa mkono wa Bibi, ule ulioshika kikombe.

"Kamwambie kutokea uani," alisema. "Dirisha liko wazi."

Bibi akazunguka nje. Mvua ilikuwa imekatika na ua ulinukia udongo. Alisimama chini ya dirisha, mgongo umeegemea ukuta, akapuliza chai ipoe. Kutoka ndani alisikia watoto, na mlezi anawaambia jambo kwa ile sauti yake ya chini. Akanywa funda la kwanza. Halafu akaanza na habari ya cheti, akaieleza yote, jinsi binti yao alivyolisoma jina la karakana mara mbili. Alipoimaliza alishusha sauti, akamweleza habari ya meza.